Laini mbili, betri na ukuta wa bluu: simu hushinda sokoni kwa ubunifu au kwa matangazo?

Ukifika Buseresere siku ya gulio, utaziona rangi kabla hujaziona simu. Ukuta wa bluu ni wa Tecno. Bango jekundu ni la itel. Spika inapiga muziki, na kijana mwenye kipaza sauti anahesabu sifa: kamera kali, chaji inakaa siku tatu, ukinunua leo unapewa na fulana. Mkulima aliyetoka kuuza pamba anasimama kusikiliza. Mchimbaji mdogo aliyepata gramu zake wiki hii naye anasogea.

Swali tunalolisikia mara nyingi kwa wasikilizaji wetu ni hili: simu hizi zinauzika kwa sababu ni nzuri, au kwa sababu wenye kampuni wanajua kupiga kelele?

Swali hili linagusa mfuko. Kwa kaya nyingi za ukanda wetu, ukiacha ng'ombe, pikipiki na mabati ya nyumba, simu ni miongoni mwa vitu ghali vinavyonunuliwa kwa fedha ya msimu mmoja. Simu ikifa baada ya miezi minne, imekufa na sare za shule, mbolea au mtaji wa genge.

Kwa maoni yetu, kampuni zilizoshinda huku kwetu zilianza kwa kutazama watu wanavyoishi. Zilitengeneza kinachowafaa, zikakisogeza karibu, kisha ndipo matangazo yakakieneza. Pale matangazo yalipotangulia na bidhaa ikabaki nyuma, aliyeumia ni mnunuzi. Tuone ilivyokuwa.

Laini mbili zilianzia mfukoni mwetu

Waliokuwa na simu miaka ya 2000 wanaikumbuka hesabu hii: kupiga ndani ya mtandao wako ni nafuu, kupiga mtandao mwingine ni ghali. Sababu moja ilikuwa ada ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine ili simu ipokelewe upande wa pili. Hadi mwanzoni mwa 2013 ada hiyo ilikuwa shilingi 112 kwa dakika. Machi mwaka huo Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliishusha hadi takriban shilingi 35, na baadaye ikaendelea kuipunguza.

Kulikuwa pia na suala la minara. Nyumbani unashika mtandao mmoja, shambani mwingine, ukishuka machimboni wa tatu. Watu wakafanya walivyoweza. Wenye uwezo walitembea na simu mbili. Wengine walikuwa na simu moja na laini tatu zilizofungwa kwenye karatasi; ukitaka kumpigia mjomba unafungua mfuniko, unatoa betri, unabadilisha laini.

Kwa maneno mengine, ubunifu ulikuwa umeshafanyika mfukoni mwa mteja. Kilichokuwa kinasubiriwa ni kiwanda cha kuuona.

Simu ya laini mbili haikuvumbuliwa na Tecno. Benefon, kampuni ndogo ya Finland, ilitoa simu ya namna hiyo tangu mwaka 2000. Haikutikisa dunia, kwa sababu wateja wengi wa Ulaya walitosheka na laini moja. Kifaa kilikuwa kizuri, lakini kiliwafikia watu wasio na tatizo hilo.

Transsion, kampuni ya China inayomiliki Tecno, itel na Infinix, ilianzishwa mwaka 2006. Mwanzilishi wake, Zhu Zhaojiang, anayejulikana pia kama George Zhu, alikuwa ameshazunguka nchi nyingi za Afrika akiuza simu za kampuni nyingine ya China. Kuanzia 2008 Transsion iliweka nguvu zake Afrika. Ilileta simu za laini mbili, betri ya kukaa muda mrefu, spika ya sauti kubwa, tochi na redio, kwa bei ambayo mtu wa kipato cha chini anaweza kujipanga nayo. Hata kamera zake zilirekebishwa kwa kutumia picha za nyuso za Waafrika, ili ngozi nyeusi itokee vizuri pasipo na mwanga mwingi.

Ukikitazama kimoja kimoja, hakuna hapo kitu cha kustaajabisha mwanasayansi. Lakini betri ya siku tatu, kwa mtu anayelipia kuchajisha simu kwenye kibanda na kutembea saa nzima kufika hapo, ina thamani kuliko kamera tano.

Sisi wa redio tuna ushahidi wetu. Wasikilizaji wetu wengi hawana redio ya mbao wala ya betri kubwa. Wanatusikia kwa kitochi, wakiwa wanapalilia au wanaponda mawe. Simu nyingi za bei ya juu duniani, iPhone ikiwamo, hazina redio ya FM ya kusikiliza bila bando. Vitochi vinayo, na baadhi hunasa mawimbi hata bila kuchomeka spika za masikioni. Ni kitu kidogo kinachoamua mtu anunue simu gani.

Nokia nayo haikuwa kampuni ya kulala. Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi na vitufe vilivyofunikwa visiingie vumbi, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ilifanikiwa kwa njia ile ile: waliotengeneza walifikiria mtu asiye na umeme na anayeishi penye vumbi. Lakini kwenye laini mbili Nokia ilichelewa. Simu zake za kwanza za namna hiyo zilitangazwa mwaka 2010, wakati wengine walikuwa wameshaingia sokoni. Aprili 2014 Nokia ilikamilisha kuuza biashara yake ya simu kwa Microsoft. Kuanguka kwake duniani kulisababishwa zaidi na simu janja za iPhone na Android, lakini huku kwetu pengo la laini mbili liliwafungulia wengine mlango.

Basi ukuta wa bluu una kazi gani?

Kuna wanaosema Tecno ilishinda kwa rangi. Ni kweli kwamba ilipaka kuta, ikagawa miavuli, ikaweka vijana madukani, na mwaka 2016 ikaingia mkataba wa udhamini na klabu ya Manchester City ya Uingereza. Fedha nyingi ilitumika.

Lakini matangazo ni sehemu moja tu ya kazi ya soko. Sehemu nyingine ni kuhakikisha simu ipo pale mteja alipo, muuzaji anapata faida ya kumtosha, na kikiharibika kifaa kuna pa kukipeleka. Transsion ilianzisha Carlcare, mtandao wa vituo vya matengenezo, na mwaka 2011 ikafungua kiwanda cha kuunganisha simu Ethiopia. Hayo hayaonekani ukutani, lakini ndiyo yanayomfanya mtu anunue kwa mara ya pili.

Mtu wa Buseresere anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, kupeleka simu Mwanza kwa fundi kulimaanisha nauli, foleni ya kivuko na pengine kulala huko. Simu bora ambayo kioo chake hakipatikani Katoro wala Geita mjini si bora kwako. Ile ya kawaida ambayo fundi wa stendi ana betri yake kwenye droo ina faida kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Kwa hiyo ukuta wa bluu ulifanya kazi kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kitu. Septemba 2019 hisa za Transsion ziliingia soko la hisa la Shanghai. Wateja waliofikisha kampuni hapo wengi wao walikuwa Afrika, na waliona simu hizo kwa majirani kabla ya kuziona kwenye bango.

M-Pesa: teknolojia moja, nchi mbili, matokeo tofauti

Kama bado una shaka kuhusu ubunifu na soko, tazama kinachoendelea kwenye kibanda cha wakala.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliofadhiliwa na Uingereza waligundua kwamba watu wa Uganda, Ghana na Botswana walikuwa wanatumiana vocha kama fedha. Mtu wa mjini ananunua vocha, anamsomea namba ndugu yake wa kijijini, naye anaiuza kwa jirani. Hapo pia mteja alitangulia.

Vodafone, kwa msaada wa serikali ya Uingereza, ilianza majaribio Kenya mwaka 2005. Lengo la awali lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Wakati wa majaribio ikaonekana kwamba washiriki wanaitumia kutumiana fedha wao kwa wao. Kampuni ikaacha mpango wake na kuwafuata watumiaji. Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa kwa ujumbe mfupi: tuma pesa nyumbani.

Aprili 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Jina ni lile lile na huduma ni ile ile. Baada ya miezi 14, Kenya ilikuwa imefikia watumiaji milioni 2.7. Tanzania, kwa muda kama huo, ilikuwa na takriban 280,000, yaani karibu moja ya kumi.

Kama uvumbuzi peke yake ungetosha, tofauti hiyo isingekuwepo. Safaricom ilikuwa na sehemu kubwa sana ya wateja wa simu Kenya, hivyo uliyemtumia naye alikuwa kwenye mtandao huo huo. Vodacom ilikuwa na chini ya nusu ya soko la Tanzania. Nchi yetu ni kubwa, vijiji vimetawanyika, na mawakala wa mwanzo walikuwa wachache. Mtu akipokea ujumbe kwamba ametumiwa elfu ishirini, kisha akatembea kilomita kumi na kuambiwa wakala hana floti, ujumbe huo hauna maana kwake. Tangazo la redioni halijazi floti.

Mambo yalibadilika mawakala walipoongezeka, kampuni nyingine zilipoingia na huduma zao, na mitandao ilipoanza kupokeana fedha. Tigo, Airtel na Zantel zilianza makubaliano hayo mwaka 2014, Vodacom ikajiunga 2016. Kwa mujibu wa tafiti za FinScope, watu wazima wanaotumia huduma za fedha kwa simu Tanzania walifikia asilimia 60 mwaka 2017 na asilimia 72 mwaka 2023. Teknolojia ya msingi haikuwa imegeuka sana. Iliyokuwa imegeuka ni njia ya kumfikia mtu.

Pale tangazo linapotangulia

Tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia nusu. Soko hili hili limetuuzia pia vitu vilivyokuwa na boksi zuri na ndani hamna kitu.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, TCRA ilizima simu bandia nchi nzima. Watu waliamka asubuhi na simu isiyoshika mtandao. Wengi hawakujua kwamba walinunua bandia, kwani jina lililokuwa kwenye mfuniko lilikuwa la kampuni kubwa na boksi lilikuwa na nembo. Walichokuwa wamenunua kilikuwa tangazo la mtu mwingine lililobandikwa kwenye kifaa kibovu.

Kampuni zinazojulikana nazo zina makosa yao. Agosti 2020 ilitangazwa kwamba kampuni ya usalama wa simu ya Upstream ilikuta programu hasidi kwenye simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Programu hizo ziliweza kumuunganisha mtu na huduma za kulipia bila yeye kujua, na salio likawa linaliwa kimyakimya. Transsion ilisema tatizo liliingizwa na msambazaji mmoja katika mnyororo wake na kwamba ilitoa marekebisho. Mtu anayeweka vocha ya shilingi elfu moja hana njia ya kuona hitilafu kama hiyo. Atasema tu mtandao umemwibia.

Siku hizi mtego mwepesi zaidi ni wa namba. Bango linasema kamera ya megapikseli nyingi, uhifadhi wa GB nyingi, na watu tunaamini kwamba namba kubwa ni simu bora. Lenzi mbovu haitengenezwi na namba. Na simu bandia inaweza kupangwa ionyeshe kwenye kioo nafasi ambayo haina.

Shilingi 1,500 kwa siku

Jambo jipya katika masoko yetu ni simu janja kwa mkopo. Unatoa kianzio, unaondoka na simu, unalipa kidogo kidogo. Usipolipa, simu inafungwa kutoka mbali mpaka ulipe.

Mpango wa kulipa kila siku ulipata umaarufu kupitia umeme wa jua. M-KOPA ilianza biashara hiyo Kenya mwaka 2012, malipo yakipita kwenye M-Pesa. Kwenye taa hesabu ilikuwa na mantiki: kaya ilikuwa tayari inanunua mafuta ya taa kila siku, kwa hiyo fedha ile ile ilihama kutoka kwenye kibatari kwenda kwenye sola. Baada ya muda deni linaisha na taa inabaki.

Simu haichukui nafasi ya matumizi kama hayo. Malipo yake yanaongezeka juu ya yale uliyokuwa nayo, na bado utahitaji bando. Tuchukue mfano wa kufikirika: kianzio shilingi 60,000, kisha shilingi 1,500 kila siku kwa mwaka mmoja. Siku 365 ni shilingi 547,500. Ukijumlisha na kianzio, simu imekugharimu shilingi 607,500. Huenda kwa fedha taslimu inauzwa bei ya chini sana kuliko hiyo. Lakini tangazo halisemi laki sita. Linasema elfu moja mia tano tu.

Kwa bodaboda anayepata fedha kila siku, mpango huo unaweza kumfaa, hasa kama simu inamletea wateja. Mkulima wa pamba hupata fedha kwa msimu. Mchimbaji anaweza kukaa wiki tatu bila kitu, kisha apate kwa siku moja. Kwao malipo ya kila siku yanakwenda kinyume na mwendo wa kipato.

Hapa ndipo swali letu la mwanzo linapopata makali. Kufunga simu kutoka mbali ni ubunifu wa kweli, lakini umetatua tatizo la nani? Kwanza kabisa, la mkopeshaji, aliyekuwa anaogopa kupoteza mali yake. Laini mbili zilitatua tatizo la mteja. Vyote viwili vinaitwa teknolojia, na vyote viwili vina matangazo mazuri.

Kabla hujatoa fedha

Kwa msikilizaji anayejiandaa kununua simu msimu huu, tunapendekeza mambo haya:

Andika kwanza, kichwani au kwenye karatasi, kazi tatu utakazoifanyia simu kila siku. Kama ni kupiga, kupokea fedha na kusikiliza redio, kitochi kizuri kinatosha, na salio la fedha linabaki nyumbani.

Uliza walioitumia mwaka mzima, usiulize walioinunua jana. Betri ya wiki ya kwanza haidanganyi mtu ila mwenye haraka.

Mpitie fundi kabla ya muuzaji. Muulize kioo na betri ya aina hiyo vinapatikana hapa au vinaagizwa, na kwa shilingi ngapi.

Piga *#06# ukiwa dukani, ulinganishe namba inayotokea na ile iliyo kwenye boksi. Wakati wa kampeni ya 2016 TCRA iliweka namba 15090 ya kutumia namba hiyo kwa ujumbe mfupi ili kujua kama simu ni halali. Dai risiti na karatasi ya waranti, usiondoke kwa ahadi ya mdomo.

Kama ni mkopo, zidisha. Malipo ya siku mara idadi ya siku, ongeza kianzio. Kisha uliza bei ya taslimu, na uliza simu ikifungwa kwa siku kumi wakati wa kiangazi utapokeaje fedha ya mtoto aliyeko Dar es Salaam.

Matangazo yataendelea, nasi wa redio tunaishi kwa sehemu kwa matangazo hayo, hivyo hatuwezi kujifanya watakatifu. Lakini miaka ishirini ya simu katika ukanda huu imeonyesha jambo moja waziwazi. Kelele humuuzia mtu simu ya kwanza. Simu ya pili huinunua kwa kukumbuka ile ya kwanza ilivyomtendea, na jirani yake hununua kwa kusikia simulizi hiyo. Kampuni zilizoelewa hivyo ndizo zilizobaki sokoni. Nguvu hiyo ya kukumbuka na kusimulia iko kwenu, na haihitaji bando.